Kioo cha Kulia Hukazwa Kushoto

Wakesho, mama yangu,

Kutoka Voi hadi Mwatate hapakuwa na fundi wa baiskeli wa kunishinda. Watu walitoka Maungu wakizisukuma baiskeli zao juani, wakawapita mafundi watatu wenye vibanda vyenye mabati mapya, wakaja kwangu. Miaka kumi na mmoja. Hilo uliandike popote utakapoandika habari za babako.

Sasa lifute. Miaka kumi na mmoja ni kweli, na watu wa Maungu ni kweli, lakini walikuwa wakimjia mzee Shake, mwenye kibanda. Mimi nilikuwa wa pampu. Nilijaza upepo, niliziba pancha, nilisugua cheni kwa mafuta ya taa mpaka vidole vikanuka hata kanisani. Spana nilizishika nikiwa nampelekea yeye. Tangu ukiwa mdogo nimekuambia mimi ni fundi, nawe ukaamini, kwa sababu umezaliwa Minnesota na huku hapakuwa na mtu wa Voi wa kunikana ila mamako na kakake. Nao wakanionea haya wakanyamaza.

Ningekuuliza hali kwanza, kama barua za watu wenye adabu, lakini nakusikia hapo chumba cha pili ukigombana na zipu ya sanduku, kwa hiyo najua hali yako. Saa inasema ni saa mbili usiku, ila jua la Agosti la huku halijui Kiswahili, bado limekaa juu ya paa la jengo la jirani. Nakuandikia kwa lugha yangu makusudi. Ukisoma Kiingereza unaruka mistari. Ukisoma Kiswahili unanong'ona neno moja moja kama mtu anayesoma maandishi ya chupa ya dawa, na mimi nataka usome hivyo.

Mambo ya koti la baridi, ya kula mboga, ya kutomfungulia mtu mlango, mamako ameshakuambia mara tatu na kesho atakuambia ya nne ukiwa na mguu mmoja ndani ya gari. Sina la kuongeza hapo. Mimi nataka kukuambia habari za kioo cha skuta yako.

Unakumbuka kiangazi cha mwaka juzi, ulipoinunua ile skuta ya bluu, ulikuja ukaniambia kwa Kiingereza chako kwamba kioo cha kulia kinacheza. Upepo ukipiga kinageuka. Ulisema, "Baba, wewe ni fundi, nikazie." Nilikuwa nimekaa kwenye balkoni nimevua viatu. Nikavaa viatu, hata soksi nikavaa, nikateremka hadi paking nikiwa na spana namba kumi na nne niliyoazima kwa jirani. Ulitaka kukaa uangalie. Nikakufukuza. Nilikuambia fundi hatazamwi. Ukweli ni kwamba nilikuwa sijawahi kukaza kioo cha pikipiki katika maisha yangu.

Lakini kuna kitu kimoja nilikijua. Mzee Shake alikuwa akikiimba kutwa nzima, "Kulia kaza, kushoto legeza." Hata mbuzi waliopita pale kibandani walikijua. Nikaweka spana, nikazungusha kulia. Kioo kikazidi kucheza. Nikasema, hii haijasikia, nikazungusha tena kwa nguvu. Kikazidi. Nikaegemea spana kwa kifua. Mara kioo chote kikatoka, kikabaki mkononi kama jino la mtoto.

Mamako alikuwa juu kwenye balkoni anaanika sare zake za kazi. Akainama.

"Baba Wakesho, hicho si ulikuwa unakikaza?"

"Nakitoa kwanza nikisafishe!"

"Ehe. Kisafishe baba, kisafishe."

Nikakisafisha basi, maana nilikuwa nimeshasema. Nilikipangusa kwa shati. Nikajaribu kukirudisha, kulia, kulia, kulia. Hakiingii. Kinazunguka juu juu kama kuku anayetafuta pa kutagia. Hapo mtu mwenye akili angejaribu upande wa pili, angalau kwa bahati mbaya. Mimi niliwaza kwamba hii boliti ni mbovu, Wazungu wameuza kitu kibovu. Nikatafuta jiwe pale kwenye ukingo wa maua, nikaigonga boliti mpaka ikaingia nusu. Ilipogoma kwenda mbele nikaizungushia tepu nyeusi, nikapaka gundi juu yake na chini yake, nikaipulizia kwa mdomo.

Ikapendeza, mama. Ilikaa wima kama askari. Ukateremka, ukaigusa kwa kidole kimoja, ukanikumbatia. Ulisema wewe ndiye mtoto pekee katika jengo lote mwenye baba anayejua kutengeneza vitu. Ningeweza kusema wakati ule. Mdomo niliufungua. Nikasema, "Kazi ndogo."

Siku ya nne asubuhi nilipita karibu na skuta nikienda kutupa taka. Nikakishika kile kioo. Joto lilikuwa limelainisha gundi, kikageuka chenyewe kikaangalia nyasi. Nikakirudisha. Nikaibana tepu kwa kidole gumba, nikasema kitashika. Ukatoka na helmeti yako, ukanipungia mkono, nami nikakupungia. Nilisimama pale na mfuko wa taka nikakuangalia ukiingia barabarani. Nilijua kinacheza, Wakesho. Hilo nataka ulinong'one mara mbili.

Yaliyofuata unayajua, ila unayajua kwa upande wako. Ulikuwa kwenye njia ya kushoto, ukataka kuhamia ya kulia. Ukaangalia kioo, ukaona hakuna gari. Ukahama, na gari lilikuwepo, likapiga honi, ukakwepa, ukalala na skuta kwenye ukingo wa barabara. Lile gari halikukugusa. Mkono ukavunjika kwenye kifundo, pale inapokaa saa, na goti likachubuka likabaki na alama ile unayoificha kwa sketi ndefu. Tulifika mbio mimi na mamako, na yule polisi alipokuuliza ulimwambia, "Niliangalia. Niliangalia nikaona hakuna kitu." Mamako naye, kwa hofu, akapiga kelele pale pale barabarani, "Uliangalia wapi? Macho yako yalikuwa wapi?"

Mimi nilikuwa upande wa pili wa skuta. Kioo kilikuwa kimepasuka, kinaning'inia kwa tepu yangu. Huyo polisi alimwona mzee mmoja akiinama kama anayeokota vipande ili watu wasikatwe. Nilikuwa nabandua tepu. Niliibandua yote, na gundi nikaikwangua kwa ukucha, nikavitia mfukoni. Akaniambia asante. Alidhani nasaidia.

Kwa hiyo uliangalia. Uliangalia vizuri, na ulichokiona ndicho kilichokuwa ndani ya kioo, yaani nyasi na ukingo wa barabara usio na gari. Macho yako hayakukosa kitu. Waliokosa ni watu wengine, na mmoja wao anaandika barua.

Nilidhani jambo litaisha plasta ikitolewa. Kwetu mtoto huanguka na baiskeli, anapakwa majivu, anarudi kupanda. Nilihesabu hivyo. Wewe ukarudi kupanda, ni kweli, lakini kwa njia za nyuma tu, bila kioo cha kulia, ukigeuza shingo kama bundi. Ulikataa kumbeba mtu yeyote nyuma. Binti wa mjomba wako alikulilia hapa sebuleni na bado ulikataa. Halafu ukaenda kupimwa macho. Ulirudi ukakaa mezani ukasema daktari amesema macho yako ni mazima, halafu ukasema, "Lakini yeye hakuwepo siku ile." Mamako akasema tutatafuta daktari mwingine. Mimi nilikuwa nakula maharagwe. Niliyamaliza, nikaomba mengine.

Hata hapo, mama, nilijiambia ni mambo ya macho tu, si mambo ya maisha. Mpaka wiki tatu zilizopita. Tangu una miaka kumi unasema utaendesha ambulensi. Uliwasumbua watu wa kanisa kwa king'ora cha mdomo mpaka mchungaji akakuweka kiti cha nyuma. Chuo cha Duluth, uendako kesho, kimekukubali kwa kozi hiyo hiyo. Na wiki tatu zilizopita ukatuambia kwamba Jumatatu hii inayokuja, kabla ya lolote, utakwenda ofisini kwao kubadilisha, usomee kutunza mafaili ya hospitali. Mamako akakuuliza kwa nini. Ukajibu polepole, kwa Kiswahili, wewe ambaye hujibu kwa Kiswahili hata ukiota: "Siwezi kubeba mgonjwa na macho ambayo hayaoni gari."

Sina neno baya na mafaili. Watu wazuri wanatunza mafaili. Lakini wewe ukiweka soksi kwenye droo huzipati tena.

Siku ya pili yake nikaitoa skuta kule nyuma ya nyumba ya mapipa ulikoifunika na turubai. Nikamwomba mjomba wako Mwakio, kaka ya mamako, aipakie kwenye pikapu yake. Tulimwambia mamako tunakwenda kuangalia samaki. Tulikwenda Saint Paul, kwa bibi mmoja Mzungu anayeitwa Donna, anayetengeneza skuta kwenye gereji ya nyumba yake. Ana nywele nyeupe pe zilizosukwa mkia mmoja, na amevaa surua... suruali, samahani, kalamu imeteleza, suruali yenye mafuta kunizidi mimi siku zangu za Voi. Mwakio alitaka kunitafsiria, nikamwambia akae kwenye gari. Aibu ya mtu haihitaji mkalimani.

Bibi Donna akapiga magoti, akamulika tundu la boliti kwa tochi. Nayaandika maneno yake kwa lugha yetu.

"Nani alifanya hivi?"

"Fundi mmoja," nikasema.

"Alitumia nini, jiwe?"

Akaniangalia viatu, akaniangalia mikono.

"Uligeuza upande gani?"

"Kulia. Kukaza."

"Cha kulia kinakazwa kushoto. Meno ya boliti yake yamekatwa kinyume."

"Kwa nini?"

Akaeleza kwa mikono, maana aliona Kiingereza changu kinachechemea. Kitu kikikigonga kile kioo kutoka mbele, kinakisukuma kwa nyuma, na kwa yale meno ya kinyume kioo kinajifungua badala ya kung'ang'ania na kuvunja usukani au mkono wa mwenye skuta. Waliokitengeneza waliwaza yote hayo. Mimi nilikuja na jiwe.

Kisha akaniuliza nilikuwa nafanya kazi gani kwetu. Na wewe unanijua. Nikamwambia fundi wa baiskeli, miaka kumi na mmoja.

Uso wake ukafunguka kabisa. "Kumbe! Basi unajua. Ni kama pedali ya kushoto."

Nikaitikia kwa kichwa kama mjusi.

"Pedali ya kushoto inafunguliwa upande gani?" akauliza, sasa anatabasamu kwa pembe moja ya mdomo.

"Inategemea na baiskeli," nikasema.

Wakesho, yule bibi alicheka mpaka akaweka spana chini. Alicheka akashika kiti cha skuta. Kumbe kila pedali ya kushoto ya kila baiskeli duniani ina meno ya kinyume, kila fundi anajua, na mimi niliyekaa miaka kumi na mmoja nusu hatua kutoka kwa pedali sikuwahi kuiuliza. Nilimwona mzee Shake akizifungua kila siku. Nilidhani ana mkono mbaya unaogeuza kinyume.

Nimewaza sana jambo hilo tangu siku hiyo. Sikusudii kukuhubiria, mchungaji analipwa kwa hilo nami nalala anapolifanya. Ila nimeona kwamba si kutojua kulikoniharibia. Sikujua mambo mengi na nimefika umri huu. Mwaka wa kwanza hapa, kiwandani Fridley, msimamizi alikuwa akiniuliza kitu kwa Kiingereza na mimi kila mara nilijibu "yes". Siku moja aliniuliza kama nimefunga bomba la maji. Nikasema yes. Tulipiga deki mpaka machweo, watu tisa, na kila mmoja alijua ni yes ya nani. Nilicheka pamoja nao. Nikaendelea na yes. Niliona afadhali nifurike kuliko niulize. Hiyo ndiyo tabia yangu, na ni ya zamani kuliko wewe, na naona uliikuta nyumbani kama unavyokuta harufu ya nyumba, huisikii kwa kuwa umezaliwa ndani yake.

Kwa mfano wewe, ulipoanguka, hukuuliza kioo kilikuwaje. Ulijilaumu moja kwa moja. Mimi naogopa kuuliza nisije nikaonekana sijui. Wewe huulizi kwa kuwa umeshaamua kosa ni lako. Ni boliti moja, meno yamekatwa pande mbili. Fanya upendavyo na habari hiyo.

Bibi Donna akalichonga lile tundu meno upya, akanipa kioo kipya, lakini akakataa kukifunga. Alisema, "Hiki ukakifunge mwenyewe." Nimekaa nacho chini ya kitanda karibu wiki tatu. Leo alasiri, ulipokwenda kuwaaga marafiki zako, nimeteremka. Nikaweka boliti, nikageuza kushoto. Mkono wote ulikuwa unakataa, mama. Ni kama kuandika jina lako kwa kurudi nyuma. Ikaingia laini, bila kelele, mpaka mwisho. Nikakiweka kioo sawa, nikakaza nati ya chini, nayo kushoto. Nikakitikisa, nikakipiga kofi. Nikakaa kwenye kiti chako nikaangalia, nikaona mlango wa jengo, mapipa, na mamako amesimama nyuma yangu na mikono kiunoni.

"Umeanza tena?"

"Nimemaliza."

"Nani aliyekufundisha?"

"Bibi mmoja wa Saint Paul."

"Bibi gani?"

Basi ilibidi nianze kueleza, na kwa hofu ya kueleza habari za bibi nikaeleza habari zote. Tepu, jiwe, mfuko wa taka, yote. Nilidhani atapiga kelele. Hakupiga. Alikigusa kioo, akaniuliza swali moja tu: "Nilimpigia kelele mtoto barabarani na wewe ulikuwa umeshika tepu mfukoni?" Nikasema ndiyo. Ile ilikuwa ndiyo ya kweli, nilielewa swali. Akapanda juu. Hajasema nami tangu saa kumi. Chakula nimejipakulia. Ukikuta kesho tunazungumza kupitia kwako, "mwambie Baba apishe", "mwambie Mama asogee", sasa unajua sababu.

Kabla ya kupanda alitaka akuambie yeye jioni hii. Nikamwomba aniachie mimi, hata kama ni kwa karatasi. Akasema nina mpaka alfajiri.

Kwa hiyo hiki ndicho ninachokuambia, na sitaki unijibu leo. Jumatatu ni yako. Ukiona bado unataka mafaili, yachukue, nitakununulia kalamu. Ila usiyachukue kwa sababu ya macho yako. Barabarani geuza shingo, endelea kuigeuza, hata kioo kizima hakioni kila kitu, yule bibi ameniambia. Lakini ile siku ulipoangalia ukaona hakuna gari, ulisoma sawasawa ulichoandikiwa. Aliyeandika uongo ni mimi. Ukitaka kunikasirikia una haki, nami nakuomba usinikasirikie kidogo kidogo kwa miaka, maana mimi nimezeeka na sina nafasi ya awamu. Kasirika mara moja, vizuri, upumzike.

Sasa kuna deni dogo ulilonalo kwangu. Siku ulipopata leseni yako ya skuta uliingia hapa jikoni ukiipepea, ukasema abiria wako wa kwanza atakuwa mimi. Nilisema sina haraka. Nimengoja, na kwa sababu zangu sikuwa na uso wa kudai. Leo nadai.

Mwakio atafika na pikapu saa nne asubuhi kupakia mizigo. Saa tatu nitakuwa chini paking, nimevaa helmeti ya mamako, ile yenye maua. Nizungushe mtaa mmoja tu, mpaka kwenye mataa na kurudi. Nitakaa nyuma, mikono nimeshika chuma, sitakuambia kata huku wala punguza mwendo. Nitanyamaza njia nzima. Kunyamaza, umeona mwenyewe, naweza.

Babako,
wa pampu